Mkate Nyuma ya Kitenge

Harufu ya mkate unaobanikwa juu ya makaa haijui kubisha hodi. Ile ya kwetu ilitoka uani, ikaruka ukuta wa tofali, ikaingia kwa majirani mmoja baada ya mwingine kama mkusanya kodi, na asubuhi moja, naapa, ilivuka reli ikafika upande wa wazungu ikawaamsha wao na mbwa wao. Labda naongeza kidogo. Wanaonifahamu husema nikianza kusimulia habari za panya, msikilizaji ajitayarishe kukutana na tembo. Lakini harufu ile sikuizidisha mimi, ilijizidisha yenyewe. Ilianza na utamu wa ngano inayopata joto, ukafuata ukali mdogo wa ganda linaloanza kuwa na rangi ya udongo wa kichuguu, na hapo, kama msimamizi wa moto alikuwa na akili zake, ilikoma. Kama akili zake zilikuwa zimekwenda kwingine, ulifuata moshi, na moshi wa mkate hauna msamaha. Unakaa katika mapazia, katika nywele, na katika jina la mwenye nyumba.

Hayo yalikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika mji ambao serikali iliuita Élisabethville na sisi wenyewe tuliuita Lubumbashi, kwa jina la mto wake. Tulikaa Kamalondo, katika nyumba ya vyumba viwili na jiko la nje. Majira ninayoyakumbuka ni ya baridi, ile baridi ya Katanga inayokuja mwezi wa sita, inakata masikio na kuzigeuza nyasi za asubuhi kuwa nyeupe kana kwamba mtu amepita akimwaga chumvi. Jogoo wa jirani aliwika mara moja tu, kwa ajili ya wajibu, akarudi kulala. Kila ua ulikuwa na mbabula yake, lile jiko la makaa la ndoo kuukuu iliyotobolewa ubavuni, na watoto tuliizunguka tumenyoosha mikono kama watu wanaoomba baraka. Nilikuwa nimepoteza meno yangu ya mbele, jambo ambalo ni muhimu kulisema, kwa sababu mkate wa kubanika ukiula bila meno ya mbele unakufunza subira kuliko mahubiri yote ya padri.

Baba alikuwa karani wa mizigo stesheni. Alikuwa mfupi wa kimo na mrefu wa tai. Mama alikuwa mwanamke wa Kabalo, kule kaskazini kwenye mto mkubwa, na alimwita mumewe Baba Filo, kwa jina langu mimi Filomena, mzaliwa wa kwanza. Mdogo wangu alikuwa amezaliwa juzijuzi tu na kazi yake yote ilikuwa kulia. Na mwaka ule, zaidi ya mshahara, zaidi ya baiskeli, zaidi ya kitu chochote nilichopata kumwona akikitaka, Baba alikuwa akiitaka kadi.

Haikuwa kadi ya kazi wala ya kanisa. Serikali ya Wabelgiji iliwapa kadi hiyo watu weusi wachache, waliosoma, wenye mke mmoja, ambao imeridhika kwamba wanaishi kistaarabu. Mwenye kadi hiyo aliweza kutembea upande wa wazungu baada ya king'ora cha jioni bila kuonyesha barua ya ruhusa. Na mwenye kadi hiyo hakuweza kulazwa chini na kupigwa fimbo ya ngozi. Kazi ya Baba ilimalizika baada ya king'ora, na stesheni ilikuwa ng'ambo ile. Kwa hiyo kila jioni alirudi nyumbani na barua mfukoni, ameikunja mara nne. Jioni moja ya masika mvua iliilowesha, wino ukawa maji, na askari hawakuweza kuisoma, au hawakutaka. Baba alirudi asubuhi. Alisema hajambo, akavaa shati safi, akanywa chai yake amesimama. Siku kadhaa alikunywa chai amesimama, na mimi kwa muda mrefu nilidhani alikuwa na haraka.

Sasa, kadi ile haikutolewa kwa kuomba tu. Kwanza walikuja watu nyumbani kukagua. Walitazama choo, walitazama vitanda, walitazama kama watoto wana viatu, na juu ya yote walitaka kuona familia ikila mezani, wote pamoja, baba, mama na watoto, kwa kisu na uma. Mama alikuwa akijifunza mambo hayo katika foyer, nyumba ya mafunzo ya wanawake, ambako Madame mmoja mwembamba mwenye sauti ya upole aliwafundisha kushona, kuogesha watoto, na kuandaa chai ya asubuhi. Na chai ya asubuhi, kwa Madame yule, bila mkate uliobanikwa haikuwa chai, ilikuwa maji ya moto. Kipande kiwe na unene wa kidole, alisema. Kiwe na rangi ya dhahabu pande zote mbili. Kifike mezani kingali na joto, ili siagi iyeyuke mbele ya macho ya mgeni.

Mama alikuwa mpishi ambaye bukari yake, ndio ugali wa kwetu, ingeweza kumfufua maiti, lakini mkate ulimshinda. Aliuogopa. Alichochea makaa mpaka yakawa mekundu kama macho ya mlevi, akaweka wavu wa waya, akaweka vipande, akageuka kumtazama mtoto, na alipogeuka tena tulikuwa tumepata makaa mapya. Wiki ile ya kwanza uani kwetu ulitoka moshi mwingi hata dohani la kiwanda cha shaba likaona haya. Baba alikula kila kipande. Alitafuna mkate mweusi kama lami, sauti ikasikika barabarani, akajifuta midomo, akasema, "Merci, Mama Filo." Haraka haraka haina baraka, lakini nani atamwambia hivyo mwanamke mwenye mtoto mgongoni na ugeni unaokuja?

Ndipo akafika Kambo. Kwetu bibi huitwa kambo, na huyu alikuwa mama yake Mama. Alikuja kumsaidia bintiye kwa ajili ya uzazi, kwa meli ya mtoni kutoka Kabalo mpaka Bukama, halafu kwa treni, na kikapu cha samaki wakavu ambao harufu yao iliwahamisha abiria wa behewa zima. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye miguu iliyokanyaga ardhi kana kwamba anaidai. Nami nilitazamia kwamba atalala kwetu, nijibanze kwenye mgongo wake wakati wa baridi. Hakulala kwetu. Alilala kwa Mama Kaseya, jirani yetu wa ukoo wake, na alikuja kwetu kwa mlango wa uani, baada ya Baba kuondoka.

Hiyo ndiyo heshima ya ukwe, sisi tuliiita buko. Mama wa mke na mume wa binti yake hawaonani uso kwa uso, hawali pamoja, hawatajani majina. Siyo kwa chuki, Mungu apishe mbali! Ni kwamba mtu aliyekupa mwanawe amekupa kitu kizito mno hata huwezi kumtazama hivi hivi kama unavyomtazama muuza nyanya. Mpaka siku mkwe atakapoleta zawadi ya kuiondoa haya hiyo, na mama yule akaipokea kwa hiari yake. Baba alikuwa amemwoa Mama mjini, zawadi ile haikuwa imetolewa bado, na Kambo alikuwa hajapata kumwona. Siku Baba alipokuwa nyumbani na akataka kutoka uani, alisimama kwanza nyuma ya mlango akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha ajabu. Sijui kilitoka wapi katika mwili mdogo vile. Kilinguruma kama injini ya garimoshi inayopanda mlima, vifaranga wakatawanyika, na Kambo akachukua kitenge chake, akajifunika, akajiondoa taratibu nyuma ya jiko. Baba akapita macho chini. Akirudi, akakohoa tena. Waliishi hivyo kwa adabu kubwa, na sikuwasikia hata siku moja wakikosana, jambo ambalo siwezi kulisema juu ya ndoa nyingi.

Asubuhi yake ya kwanza Kambo alimkuta Mama akilia juu ya mbabula. Akakiokota kipande kilichoungua, akakigeuza, akakinusa.

"Hii mukate haikupikwa?"

"Ilipikwa, Mama. Ku furu ya Mugiriki," Mama akasema, akimaanisha tanuri la Mgiriki muuza mikate.

"Sasa munaipika tena juu ya nini? Ilikosa nini?"

"Njo vile bazungu banakulaka."

Kambo akafikiri. "Aa," akasema. "Basi ata mukate banaitesa."

Lakini alikaa chini. Akautoa ule wavu wa waya akautupa pembeni. Akachukua majivu akayafunika makaa, kidogo kidogo, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, mpaka wekundu ukaisha na joto likabaki. Akavisimamisha vipande vya mkate ukingoni mwa mbabula, vimeinama kidogo kuelekea ndani, jinsi kwao wanavyoegemeza mihogo. Halafu akangoja. Hakutazama mkate, alitazama hewa iliyokuwa juu yake, na alijua wakati wa kugeuza kwa kunusa tu. Aligeuza kwa vidole vitupu. "Moto ya kuona ni ya kuunguza," alimwambia Mama. "Moto ya kupika haionekane." Kipande cha kwanza alichonipa kilikuwa na ganda lililovunjika kwa mlio mdogo, na ndani kilikuwa laini na chenye mvuke. Nilikinyonya zaidi kuliko kukitafuna, kwa sababu niliyokwisha kuitaja, na tangu siku hiyo nimekula karamu nyingi, nimekula na maaskofu, sijakipata tena. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Mimi naongeza kwamba hula na iliyobanikwa.

Habari ikaja kwamba wakaguzi watafika Jumamosi, wakati wa chai ya asubuhi. Hapo tatizo likajitokeza, na lilikuwa tatizo zuri, la watu wenye nia njema. Mama alitakiwa kukaa mezani mwanzo hadi mwisho kama mke wa kisasa, asiinuke inuke kama mtumishi. Mkate ulitakiwa kufika wa moto. Mtu pekee aliyeujua moto wa mkate alikuwa Kambo. Na Kambo na Baba hawawezi kuonana. Mama alilala nalo, akaamka na jibu. Alifunga kamba kutoka jiko mpaka mti wa mpapai, akatundika kitenge kikubwa cha maua mekundu. Mbabula na Kambo wakae nyuma yake, Baba akae mezani mgongo kwa mlango wa uani, na mimi niende na kurudi na sahani. Jioni ya Ijumaa nilimsikia akimweleza Kambo kadi ile ni ya nini. Alimweleza mambo ya king'ora, ya barua iliyolowa, na ya ile chai ya kunywa amesimama.  Kambo alikuwa akichagua makaa, akiyapanga yale makubwa huku na madogo huku.

Wakaja wawili. Madame wa foyer, na Bwana mmoja mwenye tumbo na sharubu ambazo ndege angeweza kujengea kiota. Wakatazama choo, wakaitikia kwa kichwa. Wakatazama vitanda. Wakatazama viatu vyangu, ambavyo vilikuwa vya binti wa Mama Kaseya na vilinibana hata machozi yakanilenga, nao wakadhani ni furaha. Halafu wakakaribishwa mezani. Kitambaa cheupe, vikombe, kahawa ya maziwa, jamu ndani ya kibakuli. Mama ameketi wima kama mshumaa. Baba amevaa tai. Nikatoka, nikapita pembeni mwa kitenge, Kambo akaniwekea vipande sahanini bila kuniangalia, nikarudi. Siagi ikayeyuka mbele ya macho ya wageni.

Bwana akauma. Akaacha kutafuna. Akamtazama Madame, akauma tena. Sahani ya kwanza ikaisha, nikaenda; ya pili ikaisha, nikaenda. Yule bwana alikula mkate ule kama mtu aliyetoka kifungoni. Sharubu zake zilijaa chembe. Baba alianza kutabasamu, kwanza kwa upande mmoja wa mdomo, halafu kwa pande zote mbili, na nikaona chini ya meza mkono wa Mama umemshika goti. Tulikuwa tumefika. Tulikuwa tumeshika mlango wa kadi, imebaki kusukuma tu. Na kilichotuangusha kilikuwa utamu wenyewe.

"Nani anachoma hii mukate?" Bwana akauliza, kwa kile Kiswahili chao cha kuamuru. "Muke yako iko hapa, anakula. Uko na boyi?"

"Hapana, Bwana," Baba akasema. "Ni mama ya muke wangu."

Bwana akageuka kutazama mlango wa uani. Kitenge kilikuwa kikipepea kidogo, na chini yake ilionekana miguu ya Kambo na miguu ya mbabula.

"Mama ya muke yako anakula inje? Nyuma ya nguo? Kama mbwa?"

Madame akasema kitu kwa Kifaransa, taratibu, uso wake umekuwa mwekundu. Nilielewa neno moja tu, *famille*. Bwana akavuta kiti kilichokuwa ukutani, akakiweka kati yake na Baba, akakipigapiga kwa kiganja.

"Mwite. Kiti iko. Bantu ba maendeleo banakula pamoja."

Nilikuwa nimesimama kizingitini na sahani tupu, kwa hiyo niliwaona wote, wa ndani na wa nje. Baba alikuwa amegeuka kijivu. Alijifuta midomo ambayo haikuwa na kitu.

"Bwana, siwezi kumwita."

"Huwezi ao hutaki?"

"Kwetu, mama ya muke njo mutu wa kuheshimu kupita bote. Mi sijaona bado uso yake. Siku nitaiona, nitaiona na zawadi mu mukono, na yeye mwenyewe atakuwa amekubali. Nikimwita leo juu ya bageni, ni kama ninamuvua nguo mbele yenu."

"Ni kiti tu, karani."

"Kwenu ni kiti."

Wakati wanasema hayo, nyuma ya kitenge Kambo alikuwa akisikia kila neno. Ua wetu haukuwa mkubwa. Nilimwona akikiweka chini kipande alichokishika. Alijifuta majivu mikononi, upande huu na upande huu, akavuta nguo yake kichwani mpaka ikamfunika uso, na akasimama. Alikuwa anakuja. Aliijua barua iliyolowa na aliijua ile chai ya kusimama, na alikuwa anakuja kuketi kwenye kiti kile kati ya sharubu na mkwewe, bila zawadi, bila kuombwa, jambo ambalo kwao Kabalo lingemfanya mwanamke asiwaangalie wenzake machoni mpaka kufa. Akakiinua kitenge kwa pembe. Mguu wake wa kulia ukatoka, ule mguu mpana uliopasuka kisigino, ukakanyaga upande wetu.

Baba hakuwa na macho mgongoni. Lakini ubao wa kizingiti ulilia niliposogea kumpisha, na alijua. Akakohoa.

Vikombe vilitikisika. Bwana aliruka kitini. Nimesema kilikuwa kikohozi cha garimoshi, lakini siku ile lilikuwa garimoshi lenye mabehewa yote ya shaba ya Katanga nyuma yake. Uani mguu ukasimama. Ukabaki hapo kidogo, kana kwamba unauliza kama umesikia vizuri. Baba akakohoa tena, polepole zaidi. Mguu ukarudi ndani. Kitenge kikashuka.

"Iko mugonjwa?" Bwana akauliza.

"Hapana, Bwana. Niko muzima."

Hapo harufu ikaanza kugeuka, kwa maana hakukuwa na mtu wa kugeuza mkate, na moshi ukaja taratibu ukaingia ndani ukaketi nasi mezani. Ule hakuna aliyeuitia kiti. Bwana akachukua kofia yake. Madame akamshika Mama bega, kisha akamfuata. Walipokwisha kuondoka Baba alivua tai, akaniagiza vipande vilivyoungua, akavila vyote, kimoja baada ya kingine. Mama alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cheupe cha meza.

Kadi haikuja. Waliandika kwamba ajaribu tena baadaye, nyumba itakapokuwa tayari, lakini hakujaribu. Mtaani walicheka sana, maana mtaa wenye njaa hushiba maneno. Jirani mmoja seremala, aliyekuwa ameipata kadi yake mwaka uliotangulia, alimpigia kelele kutoka upande wa pili wa barabara, watu wote wakasikia.

"Karani! Banasema mama buko alikushinda na mukate!"

"Alinishinda kweli," Baba akajibu, hakupunguza mwendo. "Mukate ilikuwa mutamu sana!"

Watu wakacheka upande wake. Lakini jioni ile, nilipomfungulia mlango, nilimwona akiikunja barua ya ruhusa mara nne na kuirudisha mfukoni, na hakuwa akicheka. Aliibeba miaka mingine mingi, mpaka Uhuru ulipokuja na kadi zenyewe zikawa karatasi za kuwashia moto. Nataka hilo lieleweke. Watu wakinisikia nikisimulia habari hii kwa kicheko, hudhani ilikuwa bei rahisi.

Kabla Kambo hajarudi kwao, Baba alimtuma Mama Kaseya kama mshenga. Alimpa kuku wa kike mwenye mayai, nguo mpya, na jembe lisilo na mpini, mambo yote kama inavyotakiwa. Kambo aliviacha vitu mlangoni kwa Mama Kaseya mpaka kesho yake, kwa maana zawadi inayopokelewa mbio inaonyesha njaa. Kisha akavipokea. Jumapili baada ya misa akaja, si kwa mlango wa uani, akaja kwa mlango wa mbele. Mama alitandika mkeka. Baba alikuwa ameketi chini, amevaa tai, mikono magotini, ameinamisha kichwa kama mtoto anayesubiri komunyo ya kwanza. Kambo akaketi mbele yake. Akaondoa nguo usoni. Baba akainua macho.

Kambo akamtazama kwa muda mrefu sana.

"Eh!" akasema. "Njo weye? Kikohozi yote ile, na uko mufupi hivi?"

Mama akapiga kelele ya aibu. Baba akacheka mpaka akalala ubavu. Sikuwahi kumwona akicheka vile, na Kambo naye akaanza, tumbo lake likapanda na kushuka. Wakala bukari na kuku katika sahani moja, mkono wa huyu na mkono wa huyu. Walipomaliza, maji ya kunawa yalipopita, Kambo akasema bila kumtazama: "Siku ile nilikuwa naingia."

"Najua, Mama," Baba akajibu. Ndiyo mara ya kwanza alimwita hivyo. "Njo maana nilikohoa."

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mama wa watoto watatu, nilisoma masomo ya jioni. Usiku mmoja mwalimu alituambia tuandike sentensi tatu juu ya neno ustaarabu. Wenzangu waliandika juu ya shule, barabara na hospitali. Mimi niliandika juu ya kikohozi cha baba yangu. Mwalimu aliniwekea alama ya kuuliza kubwa kama ndoana ya kuvulia sangara, na nikafaulu mtihani hata hivyo, kwa hisabati.

Leo binti yangu mdogo anakaa mtaa wa Golf, katika nyumba ambayo jiko lake ni kubwa kuliko nyumba yetu yote ya Kamalondo, na jikoni kuna mashine ambayo unaitumbukizia mkate, inanyamaza, halafu inautupa juu kama chura aliyekanyagwa. Haihitaji pua ya mtu. Mume wake ni kijana mzuri wa Kinshasa. Siku ya kwanza alipoletwa kwangu alinishika mabega akanibusu mashavuni mara tatu, mbele ya watu, nami nilibaki nimesimama na mwiko mkononi, nikiwa sijui kama nimesalimiwa au nimeangukiwa. Sasa nimezoea. Kila Jumapili ananiita mezani, "Maman, kuja kukula, mukate itapoa!" Ananivutia kiti, ananipakia siagi mwenyewe, ananitania kwamba meno yangu ya mbele yameondoka tena. Tunacheka, tunabishana juu ya mpira. Furaha ambayo Kambo aliipata kwa jembe na kuku na siku nyingi za kujificha, mimi naipata bure, na sitaki kusema uongo, ni furaha kweli. Yule Bwana mwenye sharubu angetutazama angeridhika.

Sitaki kuku. Kuku wamejaa kwenye friji, wagumu kama mawe. Wala simlaumu kijana, hakuna aliyemwambia, na hata mimi sikumwambia, kwa sababu ukilieleza jambo hilo kwa mtu limekwisha kuwa ombi. Ila Jumapili nyingine, nikisikia vikombe na sauti za wajukuu wakigombania jamu, nasimama kidogo koridoni kabla ya kuingia. Nakaza nguo yangu. Najipa muda wa mtu anayeogopwa kidogo, anayengojewa akubali. Kisha naita kwamba nakuja, na naingia.